Siku Moja kwa Gari Hifadhi ya Taifa Arusha: Kutoka Nyasi za Serengeti Ndogo Hadi Ndani ya Mlima Meru

Wageni wengi wanaotua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hupita Usa River wakikimbilia Ngorongoro na Serengeti. Sisi tunaoishi Arusha na Moshi nasi tunapita hapo kila mara, kwenye harusi, msibani, kazini, bila kugeuza usukani kwenda kaskazini. Tunakosa mengi. Nusu saa tu kutoka barabara kuu ipo hifadhi ambayo kwa siku moja, ukiwa ndani ya gari lako, inakuonyesha mbuga, msitu wa mlimani, kreta mbili na maziwa ya magadi. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, na jina likawa Hifadhi ya Taifa Arusha.

Mwongozo huu ni kwa anayekwenda na gari lake au la kukodi, pamoja na familia au marafiki, akitaka kurudi nyumbani jioni hiyohiyo. Na jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni mpangilio: anza na mlima, malizia na Ngurdoto.

Wengi hufanya kinyume. Ngurdoto iko karibu na lango la kuingilia, basi wanaianza, wanakwenda maziwani, na saa nane mchana ndipo wanapoanza kupanda Meru. Wanachokuta huko juu ni wingu. Upande wa mashariki wa Meru uliporomoka takriban miaka 8,000 iliyopita, na kreta yake imebaki wazi upande huo, linakochomoza jua. Asubuhi mwanga unaingia moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mwamba na koni ya majivu iliyo chini yake. Ikifika saa nne au saa tano, mvuke wa msituni umeshapanda na kuufunika mlima. Hata siku isiyo na wingu, mchana jua likihamia magharibi ukuta huo unabaki kivulini. Ngurdoto nayo asubuhi mara nyingi imejaa ukungu, ukafika ukingoni ukaona weupe mtupu. Mchana ukungu umeondoka na kreta yote iko wazi. Kwa hiyo fuata wingu, usifuate ramani.

Kuchagua siku

Januari na Februari anga huwa safi, na ndiyo miezi ninayoipenda kwa sababu Kilimanjaro nayo huonekana vizuri kutoka maziwa ya Momella. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri pia, ingawa vumbi ni jingi. Juni na Julai ni kiangazi kwenye kalenda, lakini wenyeji wa Arusha wanajua asubuhi za miezi hiyo: baridi, mawingu mazito, na Meru unaweza kukaa siku kadhaa bila kujitokeza. Kwa safari ya Julai, chungulia nje usiku uliotangulia. Nyota zikionekana juu ya mlima, ondoka alfajiri.

Masika, Machi hadi Mei, barabara za chini hupitika kwa uangalifu na msitu unapendeza mno, ila ile ya kupanda Kitoto, uwanda wa kutazamia ulio juu ya Meru, huwa tope. Udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano. Ukilowa unateleza hata kwa dereva mzuri. Kwa miezi hiyo, panga siku ya maziwa na Ngurdoto tu, na mlima uache kwa safari nyingine.

Gari

Kwa Serengeti Ndogo, Momella na ukingo wa Ngurdoto wakati wa kiangazi, Noah au RAV4 yenye tairi nzima inatosha. Kwa Kitoto unahitaji gari la 4x4 lililoinuka, kama Prado au Land Cruiser. Hapo usijaribu bahati. Kutoka Momella hadi Kitoto unapanda takriban mita elfu moja kwenye njia ya mawe, mizizi na kona kali, na gari la chini litagusa tumbo muda wote.

Siku moja kabla, kagua breki kwanza, kwa sababu utashuka kwa muda mrefu. Angalia maji ya rejeta, mkanda wa feni, oili, na upepo wa tairi zote tano. Tano, maana ile ya akiba ndiyo husahaulika hadi siku inapohitajika. Hakikisha jeki inafanya kazi na spana ya magurudumu ina saizi ya nati zako. Beba kamba ya kuvutia gari. Jaza tanki Arusha, Moshi au Usa River. Ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta.

Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari likionekana kuchoka karibu na Kitoto, si lazima liwe bovu. Punguza gia, punguza haraka, liache lipande taratibu.

Vya kubeba

Kitambulisho cha taifa au pasipoti kwa kila mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa kutoka mbali. Lakini bila kitambulisho huna la kumwonyesha mhifadhi. Fedha taslimu usizitegemee getini: malipo ni kwa kadi ya benki au kwa namba ya malipo unayolipia kwa simu. Angalia viwango vya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kabla ya kuondoka, kwani hubadilika, na weka salio kwenye simu ukiwa bado mjini. Gari nalo lina ada yake.

Maji ya kunywa beba ya kutosha, lita mbili kwa kila mtu. Usijaze chupa kwenye vijito hata vikionekana safi. Maji ya miteremko hii ya Meru yana floridi nyingi. Ndiyo maana watu wengi waliokulia Ngare Nanyuki na vijiji jirani wana meno ya rangi ya kahawia. Kwa siku moja hayatakudhuru meno, ila hakuna sababu ya kuyanywa.

Chakula kipike nyumbani au nunua Usa River: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, parachichi, maandazi kwa watoto, chupa ya chai. Weka kwenye vyombo vyenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini wanaifuatilia zaidi. Koti kwa kila mtu, hata kama Arusha mjini kuna jua: Kitoto iko kwenye mita zipatazo 2,500, na upepo wake asubuhi ni mkali. Darubini ni bora kuliko kamera kubwa, nami ningeazima kwa jirani kuliko kwenda bila hiyo. Droni iache nyumbani. Hairuhusiwi bila kibali.

Saa 11 alfajiri: kuondoka

Kutoka Arusha unashika barabara ya Moshi hadi Usa River, kisha unakata kushoto kufuata kibao cha hifadhi. Ukitokea Moshi unakata kulia, na ongeza saa moja kwenye hesabu zako. Barabara kuu ina vijiji vingi na kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Trafiki wa asubuhi hawana usingizi. Lengo ni kuwa kwenye Lango la Ngurdoto linapofunguliwa, au muda mfupi baada ya hapo.

Getini shuka, salimia, lipa. “Habari za asubuhi, afande,” kisha uliza maswali matatu: barabara ya Kitoto inapitika leo? Tunahitaji askari wa kwenda naye? Tembo wameonekana wapi? Jibu la swali la kwanza lipokee kama lilivyo. Akikwambia haipitiki, haipitiki. Yeye ndiye atakayeitwa kuja kukuvuta.

Serengeti Ndogo, kwa haraka

Ukishaingia, uwanja wa nyasi unaokukaribisha unaitwa Serengeti Ndogo. Pundamilia, ngiri, nyati na twiga huwa hapo asubuhi. Simama dakika kumi, kumi na tano, watoto waone, kisha songa. Utapita tena jioni, na mlima hausubiri.

Barabara ya kuelekea Momella inakata katikati ya hifadhi na kuendelea hadi Ngare Nanyuki, hivyo utapishana na magari ya abiria na ya mizigo. Kaa upande wako kwenye kona. Kikomo ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa, lakini anayetaka kuona kitu aende 25 au 30.

Njiani utaona twiga wengi kuliko unavyotarajia, nao hawana wasiwasi. Hifadhi hii haina simba. Chui wapo, fisi wapo, ila mchana ni nadra kuwaona. Mtu aliyekuja kutafuta simba aambiwe mapema, asije akaharibu siku ya wenzake kwa kuuliza.

Kupanda Meru

Ukipita eneo la Lango la Momella, anza kupanda. Hapa ndipo penye utajiri wa siku yenyewe, kwa hiyo jipe saa tatu za kwenda na kurudi.

Mwanzoni ni uwazi wa nyasi unaopendwa na nyati. Kisha msitu unakufunika ghafla na hewa inabadilika. Funga redio, shusha kioo kidogo, sikiliza. Mbega utawasikia kabla ya kuwaona. Mlio wao mzito unakoroma kutoka juu ya miti. Wana manyoya meupe marefu mgongoni na mkia wenye kishungi, na wanaishi kwa majani, hivyo hawaji kuomba wala kuiba. Tafuta weupe unaoning’inia kwenye matawi ya juu. Kima nao wapo, chini kidogo, na wao ni wepesi zaidi.

Mkuyu wenye tundu utaujua ukiufikia, kwa sababu barabara inapita ndani yake. Mbegu za mkuyu wa namna hii hudondoshwa na ndege juu ya mti mwingine. Mizizi inashuka hadi ardhini, inauzunguka mwenyeji wake na kumkaba hadi anakufa na kuoza. Hapa mizizi imeacha tao kubwa linaloingiza gari. Kila mtu hupiga picha hapo. Pigeni, ila zimeni injini, angalieni pande zote kabla ya mtu yeyote kushuka, na msikae. Nyati hupenda vivuli vya eneo hili, na nyati dume aliyejitenga na kundi ni mnyama wa kuogopwa.

Kutoka hapo njia inapanda kwa kona. Weka 4x4 kabla ya sehemu ngumu, usisubiri hadi tairi zianze kuzunguka bure. Gari linalopanda lina haki ya njia. Anayeshuka ndiye anayesubiri au kurudi nyuma. Kwenye kona zenye vichaka punguza kabisa, maana huoni kilicho upande wa pili na kilichopo kinaweza kuwa na pembe. Usipige honi. Ukikuta nyati au tembo barabarani, simama mbali, usizime gari, mwache aamue. Tembo si wengi hapa na ni wa msituni. Hawakuzoea magari kama wale wa Tarangire, kwa hiyo mpe nafasi mara mbili.

Ukungu ukishuka, washa taa za chini. Taa kali hurudisha mwanga machoni mwako.

Kuna njia fupi ya kwenda maporomoko ya Maio. Ni mazuri baada ya mvua. Kama saa tatu na nusu imeshapita, yaache hadi wakati wa kushuka. Kitoto kwanza.

Kitoto ni uwanda mdogo unaoangalia pande mbili. Nyuma yako, ukuta wa Meru unapanda karibu mita 1,500 kutoka sakafu ya kreta hadi kileleni, mita 4,566 juu ya usawa wa bahari. Chini yake imesimama koni ya majivu, kijivu tupu, iliyojijenga baada ya mlima kuporomoka. Meru ni volkano iliyolala, haijafa. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Ukigeuka mashariki, maziwa ya Momella yametandazwa chini, na siku ikiwa njema Kilimanjaro inasimama nyuma yake. Ukiangalia kwa makini utaona maziwa yenyewe yamelala katikati ya vilima vidogo vingi. Vilima hivyo ni mabaki ya mlima uliobomoka: mawe na tope viliteremka hadi huko, na kwenye mashimo yaliyobaki maji yakajaa. Hapo Kitoto ndipo tukio lote linaposomeka kwa jicho moja, chanzo na matokeo yake. Kwa hilo peke yake ningemtoa mtu kitandani saa kumi.

Mnywe chai hapa. Kaeni karibu na gari. Kutembea mbali kunahitaji askari mwenye silaha, na hupangwa Momella kwa malipo yake. Anayetaka matembezi apange hilo asubuhi, si akiwa tayari juu. Mtoto au mzee akilalamika kichwa, mpe maji na anzeni kushuka. Kwa mwinuko huu hupita haraka.

Kushuka ndiko kunakotesa magari. Tumia gia ile uliyopandia. Kwenye gari la otomatiki weka 2 au L, injini ishike mwendo, na breki uguse kwa vipindi badala ya kuikanyagia moja kwa moja. Ukisikia harufu ya breki kuungua, tafuta sehemu tambarare usimame robo saa. Usiimwagie maji.

Maziwa ya Momella, saa sita hadi saa nane

Maziwa ni saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia. Barabara inayazunguka, na mchana ndio wakati wake kwa sababu jua likiwa juu rangi za maji hutofautiana waziwazi. Yanalishwa zaidi na chemchemi za chini ya ardhi, na kila ziwa lina kiwango chake cha chumvi na magadi, hivyo mwani unaoota humo si mmoja, wala ndege wanaoufuata si walewale. Ziwa moja la kijani, jirani yake la buluu.

Heroe, wale flamingo wa waridi, huhama kufuata chakula. Huenda ukawakuta maelfu upande mmoja na hakuna hata mmoja upande wa pili, basi zunguka kabla ya kukata tamaa. Kiboko hukaa Momella Ndogo. Kuro huonekana ufukweni, na digidigi kwenye vichaka, mara nyingi wawili wawili. Ukimwona mmoja, tafuta mwenzake.

Kula chakula cha mchana kwenye eneo la mapumziko lililotengwa. Fungua chombo kimoja kimoja, na milango ya gari iwe imefungwa. Nyani na tumbili wanajua kufungua begi, na nyani dume haogopi mtoto aliyeshika ndizi. Kila ganda na kila mfupa virudi nawe.

Wakati mnakula, tazameni kaskazini kuelekea Ngare Nanyuki. Watoto waambiwe hadithi ya nchi ile. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru kutoka huko ili ardhi iwe ya walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa bado miaka tisa kabla ya Uhuru. Mtu anayekuja hapa akaondoka na picha za flamingo tu ameiona nusu ya mahali.

Ngurdoto, kuanzia saa tisa

Rudi kusini ulikotokea. Karibu na lango ipo njia inayopanda kwenye msitu hadi ukingo wa kreta. Ngurdoto ina upana wa kilomita zipatazo tatu na kina cha mita 400 hivi. Sakafu yake ni kijani, sehemu kinamasi, na hakuna anayeruhusiwa kushuka, kwa gari wala kwa miguu. Wanyama waliomo wameachiwa wenyewe. Kwa maoni yangu ndiyo sheria bora kuliko zote za hifadhi hii. Kreta ya Ngorongoro ingepumua ikipewa hata siku chache za namna hiyo.

Kuna vituo kadhaa vya kutazamia ukingoni, na cha juu ni Leitong. Nenda Leitong kwanza, vingine uvipitie wakati wa kurudi. Hapa darubini ndiyo inayofanya kazi: nyati wanaonekana kama chembe, na bila kukuza utadhani ni mawe. Chagua sehemu moja ya nyasi uikague taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha rudia ukingo wa msitu ambako pongo na ngiri hujitokeza jioni. Kituo kimoja kinaitwa kwa jina la faru. Faru weusi waliishi humo, na ujangili ukawamaliza.

Barabara ya ukingoni ni nyembamba na ina kivuli, kwa hiyo tope hukaa muda mrefu hata mvua ikiwa imekatika. Geuza gari kwenye vituo tu. Ukikwama, baki ndani, piga simu getini. Hakikisha ulichukua namba yao asubuhi ulipokuwa ukilipa.

Saa kumi na moja uwe umeshashuka. Lango liko karibu, na huo ndio uzuri wa kuacha Ngurdoto mwisho: huna mbio za kushindana na giza kutoka upande wa pili wa hifadhi. Muda uliobaki utumie Serengeti Ndogo, pale ulipopita haraka asubuhi. Toka kabla ya saa kumi na mbili.

Ukiwa na siku ya pili

Barabara nyingine ya mlimani inayostahili ni ya Hifadhi ya Kilimanjaro upande wa magharibi: Boma Ng’ombe, Sanya Juu, hadi Lango la Londorossi, na kutoka hapo kupanda kuelekea uwanda wa Shira kwenye mita 3,500 hivi. Ni 4x4 tu, na kibali kipangwe mapema na ofisi za hifadhi. Huko hatari si njia pekee bali mwinuko: gari linakupandisha kwa muda mfupi urefu ambao wapandaji wa miguu hutumia siku mbili. Usikae juu muda mrefu. Anayepata kichefuchefu, kizunguzungu au kichwa kisichotulia ashushwe mara moja, bila kusubiri picha ya mwisho. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu aonane na daktari kwanza, au achague Momella.